Gitaa Moja, Wenye Shughuli Wengi

Wapenzi wengi wa muziki wa gitaa kavu huamini kwamba fedha ndiyo adui wa mwimbaji mcheshi. Mtu akishalipwa na mwenye harusi, wanasema, hawezi tena kumtania mwenye harusi. Akishapokea bahasha ya mheshimiwa, ulimi wake umeshanunuliwa. Sura hii inatetea jambo lililo kinyume na hilo, na inalitetea kwa kuutazama mji wa Tunduma na mkoa wake wa Songwe. Mwimbaji wa vichekesho anayeishi kwa kukodiwa huwa huru zaidi kadiri wanaomkodi wanavyozidi kuwa wengi. Kinachomfunga ulimi ni kuwa na mlipaji mmoja. Kutolipwa kabisa nako kunamfunga, kwa sababu mwenye njaa humsifu yeyote aliyeshika sahani. Ikiwa hoja hii inasimama, basi Tunduma, mji ambao Watanzania wengi wanaujua kwa foleni ya malori tu, una karibu kila kitu anachohitaji mtunzi wa aina hiyo. Unachokosa ni utaratibu wa kumlipa.

Tuanze na mji wenyewe. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 900 na kuishia Tunduma. Ukivuka hatua chache uko Nakonde, Zambia. Hapo hapo inapita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na tangu 2019 nchi hizi mbili zinatumia kituo cha pamoja cha forodha. Mkoa wa Songwe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.3. Wanyiha wako Mbozi, Wanyamwanga wako Momba na pia ng'ambo ya mpaka, Wandali na Walambya wako Ileje, Wabungu wako upande wa Ziwa Rukwa. Juu yao wamekuja Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga wa Makete wenye maduka, Wachaga wa vipuri, madereva wa pwani, na Wazambia wanaokuja kununua nguo asubuhi na kurudi kwao jioni. Katika ukumbi mmoja wa harusi mjini Tunduma unaweza kukuta shilingi na kwacha zikitupwa katika kapu moja la zawadi. Hakuna kabila wala tajiri mmoja anayeweza kusema mji huu ni wake peke yake, na hilo, kama tutakavyoona, ndilo linalompa nafasi mwimbaji mcheshi.

Muziki wa eneo hili haukuanzia redioni. Vita ya Kwanza ya Dunia iliwapitisha huku wapagazi na askari wengi mno. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi ngoma hiyo ya pwani, yenye vyeo vya kijeshi vya kuigiza na nyimbo za kejeli, ilivyobebwa na watu hao mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Baada ya vita zikafunguka njia za kazi. Vijana wa Rungwe, Mbozi na nchi ya Wanyamwanga walivuka kwenda kwenye migodi ya shaba, na wengine wakaandikishwa na Wenela, shirika lililoajiri watu wa migodini, kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Waliporudi, baadhi yao walirudi na gitaa. Jina la galatoni, ambalo wanamuziki wa zamani wa Tanzania bado wanaliitia gitaa kavu, linatokana na magitaa ya bei nafuu ya Gallotone yaliyotengenezwa Afrika Kusini. John Lennon wa Liverpool naye alianzia kwenye gitaa la aina hiyo hiyo. Lilikuwa gitaa la mtu asiye na fedha nyingi, jepesi kubeba begani, na halikuhitaji umeme.

Ng'ambo ya migodi hiyo ya shaba, huko Katanga, chombo hicho kilimpata bwana wake. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimkuta Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, sasa Likasi. Rekodi ya Bosco ya wimbo wa Masanga ilisikika kote kulikokuwa na santuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, akipiga redioni na kuitangaza dawa ya Aspro, na mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Aliimba Kiswahili cha Katanga, kikavu na cha mtaani, ambacho mtu wa Mbozi anakielewa bila mkalimani. Tukumbuke pia kwamba malori yanayopanga foleni Tunduma leo mengi yanaelekea Kasumbalesa na Lubumbashi. Njia iliyoleta mtindo wa Bosco kusini mwa Tanganyika bado iko wazi, na inapitisha watu wengi kuliko wakati wake.

Lakini gitaa peke yake halichekeshi. Kichekesho cha eneo hili kina asili nyingine, nayo ni utani. Mwaka 1951, huko Luanshya kwenye migodi, mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma ya Kalela ya kikundi cha Wabisa. Wachezaji walivaa mashati safi, suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Na nyimbo zao ziliwatania makabila mengine yote yaliyokuwapo mgodini. Waliotaniwa walisimama pembeni wakasikiliza na kucheka. Mitchell, katika andiko lake la 1956, alihitimisha kwamba mjini utani ulikuwa umepanuka: ule uliokuwa kati ya koo au kati ya makabila mawili yaliyopigana zamani, sasa ulienea kwa wageni wote waliolazimika kuishi pamoja. R. E. Moreau alikuwa ameshaandika kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944, akionyesha jinsi ulivyosambaa nchi nzima. Kila Mtanzania aliyehudhuria msiba wa kijijini anajua sheria zake. Mtani humwigiza marehemu mwendo na sauti, huzuia jeneza lisishuke, hukalia udongo, na haondoki mpaka amepewa chake.

Jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa katika hoja yetu kuliko linavyodhaniwa. Mtani hulipwa. Hulipwa hadharani, na wafiwa wenyewe, papo hapo alipowatania. Hakuna anayesema malipo hayo yameharibu utani wake. Kinyume chake, mtani ambaye hakupewa kitu anaona amedharauliwa, na familia iliyokataa kutoa inaonekana haikumheshimu maiti wake. Maana yake ni kwamba katika desturi zetu malipo na ulimi mkali havijawahi kuwa maadui. Malipo ni kibali: aliyetoa fedha ametamka mbele ya watu kwamba amekubali kutaniwa. Wanaosema kwamba mwimbaji wa kweli haimbi kwa ujira wanadai usafi ambao mababu zetu hawakuwahi kuudai.

Tazama sasa jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu uhuru wa mwimbaji huyu uko hata katika mikono yake. Kidole gumba cha mkono wa kulia kinashikilia besi kwenye nyuzi nene, bila kupumzika. Kidole cha shahada kinacharaza wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Ndio mtindo wa vidole viwili ambao David Rycroft aliuchambua mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kumsikiliza Bosco, noti kwa noti. Penseli iliyofungwa kwa ukanda wa tyubu juu ya shingo ya gitaa inapandisha sauti ilingane na koo la mwimbaji siku hiyo. Duru ya midundo ni fupi na inajirudia. Mwimbaji anapofikia neno la kuchekesha, ananyamaza. Mdomo umefungwa, mkono unaendelea, na duru mbili au tatu zinapita huku watu wakicheka na kugeukiana. Kicheko kikianza kutulia, anarudi kwa sauti nyingine, labda sauti nyembamba ya shangazi, na kujijibu mwenyewe. Bendi kubwa haiwezi kufanya hivi kwa urahisi, maana watu wanane lazima wakubaliane lini waanze tena. DJ hawezi kabisa. Mpiga gitaa mmoja ndiye anayeweza kuusubiri ukumbi.

Tuseme anayeoa ni wakala wa forodha mpakani. Siku mbili kabla, mwimbaji amempigia simu katibu wa kamati akauliza majina ya wajomba, kijiji cha bibi harusi, uchumba ulichukua muda gani. Usiku wa shughuli anaimba habari za lori moja lililokaa foleni miaka mitatu: kila asubuhi dereva anaambiwa karatasi moja imepungua, kila jioni shangazi mmoja anauliza ushuru uko wapi, hadi siku baba mkwe alipoamka vizuri akagonga muhuri. Ukumbi unajua lori hilo ni bwana harusi. Unajua pia, bila kuambiwa, kwamba kuna malori mengine ya kweli pale nje na kuna watu wanaoyachelewesha, na baadhi yao wameketi meza ya mbele wakila pilau. Mwimbaji hajamtaja mtu. Amemtania bwana harusi, ambaye ndiye aliyemlipa, na kupitia mgongo wake amesema jambo ambalo kikao cha wafanyabiashara kingelisema kwa woga.

Pingamizi kubwa ni kwamba mwenye fedha hatimaye humtawala anayemwimbia. Historia ya muziki wa Kiswahili inatoa ushahidi wa kutosha wa kulipima pingamizi hili. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliimba majumbani kwa matajiri wa Unguja, aliitwa kwenye harusi, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Aliishi kwa kukodiwa. Hata hivyo ni yeye aliyeimba habari za Kijiti, kisa cha mwanamke aliyeuawa na hukumu iliyowaangukia mashahidi wanawake huku mshtakiwa mwenyewe akitoroka, na wimbo ule uliigusa mahakama ya wakoloni moja kwa moja. Aliweza kwa sababu hakuwa na bwana mmoja: leo jumba la Mwarabu, kesho sherehe ya ng'ambo ya mji, keshokutwa santuri. Miaka mingi baadaye Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, alitunga Mambo kwa Soksi kuhimiza kondomu wakati ukimwi ukiua watu. Redio Tanzania, iliyokuwa redio pekee upande wa Bara, ilikataa kuupiga. Wimbo haukufa. Remmy alikuwa na kumbi za dansi, na kumbi hizo zilikuwa na viingilio vya watu wengi wadogo wadogo. Mlango mmoja ulipofungwa, mingine ilikuwa wazi.

Upande wa pili yupo Kapteni John Komba, aliyefariki mwaka 2015. Alikuwa na kipaji kikubwa. Nyimbo zake za maombolezo ya Mwalimu Nyerere mwaka 1999 ziliwaliza hata wasiokipenda chama chake. Lakini kundi lake la Tanzania One Theatre lilikuwa sauti ya CCM, na kejeli zake ziliruka upande mmoja tu, kuelekea kwa wapinzani. Sidhani tunapaswa kumlaumu kwa hilo. Alikuwa mwanachama aliyeamini alichokiimba. Ninachosema ni kwamba mfumo wa mlipaji mmoja hauwezi kutoa kitu kingine. Ndivyo ilivyo hata kwa wasanii wa leo wanaoitwa machawa kwa sifa zao za kulipwa: tatizo lao halikuanza siku walipopokea fedha, lilianza siku walipobaki na mfuko mmoja wa kuutegemea. Mfanyabiashara wa Tunduma anaijua kanuni hii vizuri, ndiyo maana huuza kwa Mzambia, kwa Mkongo na kwa jirani yake. Mteja mmoja akinuna, duka halifungwi.

Je, Songwe ina walipaji wengi? Hapa ndipo kalenda ya mashamba inapotoa jibu. Mbozi ni miongoni mwa wilaya kubwa za kahawa nchini, na fedha za kahawa zinapotoka kwenye vyama vya ushirika, sherehe zinafuata: harusi zilizosubiri, nyumba zilizoezekwa, ubatizo na kipaimara. Bonde la Kamsamba lina mpunga wake na msimu wake. Wilaya ya Songwe ina migodi ya dhahabu, mikubwa na ya wachimbaji wadogo, na dhahabu haisubiri mvua. Tunduma yenyewe ina biashara ya mwaka mzima: nyumba za wageni zenye madereva wanaokaa siku kadhaa wakingoja karatasi, baa, mawakala, vikoba vinavyofunga mwaka, shule zinazofanya mahafali, makanisa yanayochangisha ujenzi. Kila mmoja wa hawa ana shughuli ndogo isiyoweza kubeba bendi ya vyombo kumi, lakini inaweza kumbeba mtu mmoja na gitaa lake anayefika kwa bodaboda. Mtu akiziunganisha anapata mwaka mzima wa kazi, wala hakuna shughuli hata moja iliyo kubwa kiasi cha kumnunua.

Kuna shughuli moja tu inayoweza kumnunua, nayo ni kampeni. Mgombea anaweza kulipa kwa wiki mbili kuliko harusi za miezi sita, na mwimbaji ana watoto wanaosoma. Sitamwambia mtu akatae fedha halali. Ila aujue mshahara kamili wa kazi hiyo: mwaka unaofuata, kila atakayemsikia akimtania diwani atajiuliza ametumwa na nani. Kwa mtunzi wa nyimbo za mapenzi hasara hiyo ni ndogo. Kwa mcheshi ni mtaji wote.

Wengine watasema hoja hizi zimechelewa kwa sababu spika kubwa na DJ wameshashinda. Katika jambo moja wana haki. Saa nne usiku, watu wakishakula, wanataka kucheza, na mpiga galatoni akijaribu kushindana na singeli atafukuzwa na vijana. Asishindane. Nafasi yake ni ile saa ndefu na baridi kati ya kuingia kwa maharusi na kufunguliwa kwa chakula, au wakati wa kutoa zawadi, wakati mshereheshaji anaporudia maneno yale yale aliyoyasema Jumamosi iliyopita ukumbi mwingine. DJ anazo nyimbo za dunia nzima isipokuwa wimbo mmoja, ule unaomtaja shangazi aliyepanda basi alfajiri kutoka Itumba na mtungi wa asali. Huo lazima utungwe.

Pingamizi lililo zito zaidi, kwangu, ni la wale waliowahi kuumizwa na vichekesho. Wapo waimbaji wanaoishi kwa kuwacheka wanawake wanene, wajane, walemavu, Mkinga kwa uchumi wake na Mmalila kwa lafudhi yake, na ukumbi unacheka kwa sababu anayechekwa hayumo au hawezi kujibu. Hilo ni kosa, na haliponywi kwa kuliita utani. Utani wenyewe una kanuni inayolikataza: mtani hutaniwa pia. Wabisa wa Luanshya waliwacheka wenzao mbele yao, na wenzao walikuwa na ngoma zao za kujibia. Ndiyo maana katika mfano wetu lori ni bwana harusi na si bibi harusi. Yeye anaweza kushika maikrofoni akajibu, wakati bibi harusi, kwa desturi zetu, anatakiwa kukaa kimya ameinamisha macho. Mwimbaji mzuri huwatania wenye nguvu ya kujibu, na huanza na nafsi yake. Mwimbaji kipofu wa muziki wa kalindula, P. K. Chishala wa Zambia, alichagua wazee wa kanisa na ugumu wa maisha ya mtu wa kawaida, na nyimbo zake Church Elder na Common Man zinakumbukwa mpaka sasa.

Nayo serikali? Mwaka 2017 Ney wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake Wapo, na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaufungia. Siku iliyofuata waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, na msanii akaachiwa. Kisa hicho kinaonyesha jinsi mpaka wa dhihaka nchini usivyo thabiti: jambo moja, katika saa chache, lilikuwa kosa na likawa la kupongezwa. Msanii anayetegemea video inayosambazwa kwenye simu anaishi katika hali hiyo kila siku, kwa sababu maneno yake yanafika kwa watu ambao hawakuwapo yalipotamkwa na hawajui nani alicheka. Shughuli ya ukumbini ina ulinzi wake. Aliyetaniwa yupo, amecheka mbele ya wageni mia mbili, na kesho hawezi kudai ametukanwa bila kujiaibisha. Kwa hiyo mcheshi wa Songwe anayepata riziki yake jukwaani kwanza, na mtandaoni baadaye, ana usalama mkubwa kuliko mwenzake wa mjini anayefuata idadi ya watazamaji.

Tunarudi kwenye kinachokosekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliunda COSOTA kulinda kazi za watunzi, na BASATA ipo tangu sheria ya 1984, lakini hakuna hata moja kati ya hizo itakayomlipa mtu aliyetunga wimbo wa usiku mmoja kwa ajili ya harusi moja ya Mlowo. Wimbo ule haurekodiwi wala haurudiwi. Thamani yake yote inamalizika pale pale. Kwa hiyo bei yake lazima ilipwe pale pale, na mlipaji ni kamati. Kwenye bajeti za kamati zetu kuna ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, magari, picha na video, mshereheshaji na muziki. Mpiga gitaa huingizwa kwenye mstari wa muziki kama nyongeza, anaambiwa fedha atatunzwa na wageni, na saa sita usiku anatafuta mtu wa kumrudisha Vwawa. Mtu anayetegemea kutunzwa lazima amsifu kila anayesimama na noti. Hapo ndipo tunapomtengeneza chawa kwa mikono yetu, kisha tunalalamika kwamba waimbaji wa siku hizi hawana ukweli.

Wewe ambaye ni mwenyekiti, katibu au mtunza hazina wa kamati ya shughuli Tunduma, Vwawa, Mlowo, Itumba au Mkwajuni, mwandikie mwimbaji wa gitaa mstari wake peke yake kwenye bajeti. Mkubaliane kwa maandishi muda atakaoimba, usafiri wa kuja na kurudi, na chakula chake. Mpe nusu ya malipo wiki mbili kabla, ili awe na sababu ya kukaa chini na kutunga, na nusu iliyobaki mpe kabla hajaondoka ukumbini. Mpe majina na habari za familia anazoziomba. Na akikuuliza kama ungependa kuziona beti zake mapema, mwambie hapana, utazisikia ukumbini pamoja na wageni wako.